Honda CG125 kuukuu: kuihudumia na kutafuta spea zake (soma kabla hujauliza)

Nimechoka kujibu swali moja kila wiki, kwa hiyo naandika mara moja tu na atakayeuliza kilichoandikwa hapa nitamwelekeza hapa hapa. Niko Tororo, mashariki mwa Uganda, na CG ninazoletewa nyingi ni zile zilizokuwa za miradi, za shule na za parokia, zikachoka, zikauzwa mnadani, leo zinabeba mkaa na matoke. Ni chuma kigumu sana. Ila watu wanaipa huduma ya Boxer (ile ya Bajaj) halafu wanashangaa inakufa, na hii sio Boxer jamani, ndani ni mashine tofauti kabisa. Boxer ina taiming cheni inayopanda hadi juu kwenye hedi, CG haina. CG kemshafti yake iko chini, inazungushwa na gia, halafu inasukuma valvu kwa fimbo mbili ndefu. Kwa hiyo muuza spea akikuuzia "taiming cheni ya CG" jua umeshaliwa.

Kwanza jua una nini. Futa matope chini ya injini upande wa kushoto usome namba. Ikianza na CG125E hiyo ni Honda. Ikiwa 156FMI hiyo ni ya Mchina, mara nyingi nakala ya CG, na sio tusi, tutarudi kwake kwenye spea. Hizo herufi zina maana: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita (kamili ni 56.5), F inapozwa na upepo, M ni pikipiki, I ni daraja la 125. Lakini hata Mchina wa 156FMI angalia kama ina fimbo au cheni, kwa sababu zipo za aina ya CB zenye cheni na zinatumia namba hiyo hiyo.

1. Osha injini. Ikauke.

2. Oili: mwaga ikiwa na moto kidogo, weka 20W-50 ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, maana klachi inaogelea humo humo na oili nyingine za gari zinafanya klachi iteleze. Inaingia karibu lita moja. Ukipima kwa kijiti usikifunge, kichomeke tu kisha kitoe usome, ukikifunga kinakudanganya oili iko nyingi.

3. Plagi D8EA, nafasi 0.6 hadi 0.7.

4. Sponji la ea klina lioshe kwa sabuni, likauke, lipake oili kidogo, likamue. Barabara zetu za maramu kiangazi hiki kitu ni kila wiki, na ukiendesha bila sponji kwa sababu "inavuta vizuri" usije kuniuliza bei ya pistoni.

5. Taipeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Hapa punguza kasi usome taratibu, hapa ndipo injini nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema.

Injini iwe ya baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha, sio "imepoa poa". Toa plagi ili izunguke kirahisi. Fungua kava la juu uone roka mbili (vyuma vinavyobonyeza valvu), fungua na kava la kushoto uone flywheel (gurudumu zito la kwenye ncha ya krenki), ina alama ya T na ya F. Zungusha flywheel kwa spana ya boksi kinyume cha saa huku jicho liko kwenye roka ya upande wa kabureta. Utaiona inabonyeza valvu, halafu inarudi juu. Ikisharudi, endelea polepole mpaka T ilingane na alama ya kwenye injini. Simama hapo. Sasa shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise, zote mbili lazima zicheze kidogo. Kama moja imekaza basi uko kwenye T ya uongo, kwa sababu T inapita mara mbili kwenye mzunguko mmoja wa kazi, moja ni ya kubana hewa na nyingine ni ya kutoa moshi, na ukirekebisha kwenye ile ya moshi kazi yote ni bure na umeharibu zaidi. Zungusha tena raundi moja kamili.

Kipimo ni 0.08 mm, pande zote mbili. Fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, isilegee na isilazimishwe. Halafu kuna ujanja wa nati: unapoikaza, skrubu ya katikati inazunguka nayo na kipimo kinabana bila wewe kujua. Ishike kwa plaizi ndogo huku unakaza, ukimaliza pima TENA. Zungusha flywheel raundi mbili, rudi kwenye T, pima tena. Ndiyo, mara tatu.

Na sasa onyo. CG ina kelele ya tik tik, hizo fimbo zinapiga, ndivyo ilivyozaliwa. Kuna mafundi wanakaza taipeti mpaka inyamaze, mteja anafurahi anasema sasa inalia kama mpya. Valvu haifungi tena sawasawa. Asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inakataa kiki, na moto wa ndani unapita ukingoni mwa valvu kila mlipuko. Juzi nilifungua hedi ya pikipiki ya katekista mmoja wa huku, valvu ya eksozi ilikuwa imeliwa ukingoni kama panya ameitafuna, na kiti chake kwenye hedi kimechimbika kijishimo. Alikuwa ametoka kulipia "sevisi". CG ikinyamaza kabisa, ogopa.

6. Chujio la oili. CG haina lile la karatasi la kubadilisha, ina kikombe cha kuzunguka kwenye ncha ya krenki ndani ya kava la klachi, mkono wa kulia, kimefungwa kwa skrubu tatu. Uchafu unarushwa pembeni unaganda. Nenda humo kila ukifungua upande huo kwa sababu ya klachi. Skrubu zake usizilazimishe kwa bisibisi ya kawaida, nitaeleza chini.

7. Kabureta: chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Ukinunua petroli ya chupa barabarani fungua hiyo skrubu mara kwa mara uangalie kama kuna maji. Sindano na jeti safisha kwa hewa, sio kwa waya wa spoku, waya unapanua tundu na baada ya hapo inakunywa petroli tu.

8. Cheni: 428. Ilegee sentimita mbili hivi katikati, upime mahali inapokaza zaidi maana cheni iliyochakaa haikazi sawa pande zote. Ukibadilisha, badilisha na sproketi zote mbili.

SPEA SASA

Kosa la kwanza ni kuingia dukani na kusema "nataka beringi ya Honda CG". Beringi haina Honda wala Bajaj, ina namba. Toa ya zamani, futa, soma. Ukikuta 6301 basi ni 12 ndani, 37 nje, 12 unene, na duka lolote la beringi linayo, hata linalouzia watu wa mashine za kusaga. Chukua ya 2RS yenye mpira pande zote mbili. Oili sili vile vile, vipimo vimeandikwa usoni, cha ndani, cha nje, unene.

Pistoni, ringi, gasketi, taipeti, fimbo, kabureta, sahani za klachi: hapa Mchina ndiye mkombozi, kwa sababu walinakili injini hii miaka mingi, kwa hiyo ukitaja CG125 mwenye duka anakuelewa hata kama hajawahi kuiona Honda yenyewe. Pistoni ni 56.5 na pini ya 15 mm, pima mwenyewe hapo hapo kaunta. Nenda na kile kibovu mkononi, kila mara, hata kama kimevunjika vipande viwili. Picha ya simu haina milimita.

Kisichoingiliana ovyo ni umeme. CG za zamani zaidi ni 6V na platini (swichi ya cheche inayofunguka na kufunga), za baadaye 12V na CDI (boksi la elektroniki linalofanya kazi hiyo). CDI nazo ziko mbili, moja inalishwa na koili ya kwenye flywheel, nyingine inalishwa na betri. Plagi ya waya inaweza kuingia vizuri kabisa na bado isiwake, au uiunguze. Balbu ya 12 kwenye 6 itakuwa kama haipo, ya 6 kwenye 12 inakufa siku hiyo.

Kwa Kampala anzia Ndeeba, zunguka maduka kadhaa kabla hujatoa hela. Silinda ikichakaa usinunue bloku mpya haraka, Katwe kuna watu wa mashine wanaichonga kwa pistoni ya saizi inayofuata, 0.25, 0.50 mpaka 1.00. Nunua pistoni KWANZA, achonge kwa kufuata pistoni, sio kinyume. Sisi wa mashariki Busia pia ni karibu. Ukiagizia kwa basi kutoka Kampala, mwambie muuzaji akipime kwa rula mbele ya simu ndipo utume hela.

MASWALI

Okello Jnr: Mkuu yangu haiwaki shida ni nini

Jibu: Sijui. Plagi inatoa cheche? Petroli inafika? Injini ya namba gani? Rudi na majibu matatu.

Okello Jnr: Cheche ipo. ni ya Honda. Ikiwa baridi inawaka ikipata moto inazima na kiki inakuwa nyepesi

Jibu: Ungeanza na hayo. Kiki nyepesi ikiwa na moto, soma namba 5 mstari kwa mstari.

Fundi Baraka: Mimi nimefunga taipeti kwa sikio miaka yote na pikipiki zinatembea. Hizo fila geji ni za wazungu.

Jibu: Sikio linasikia iliyolegea, haliwezi kusikia iliyobana, kwa sababu iliyobana imenyamaza. Hilo tu. Na fila geji haina uzungu, ni kipande cha bati chenye namba.

Fundi Baraka: Umenijibu kwa dharau.

Jibu: Sio dharau kaka. Njoo Tororo nikuonyeshe ile valvu, bado ninayo.

Nagudi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa kilimo, nina Yamaha AG100 ya kazini ya zamani. Hii taipeti ninaipata wapi? Nimefungua juu sijaona roka.

Jibu: Marahaba dada, na asante kwa kufungua mwenyewe. Hutaiona kwa sababu haipo. AG100 ni tu-stroki, haina roka wala valvu za aina hiyo, kwa hiyo namba 5 iruke yote. Kazi yako iko pengine. Ina tanki la oili ya 2T na pampu inayoipeleka injini yenyewe, hilo tanki lisikauke hata siku moja, na likikauka ukajaza tena usiwashe tu uende, toa hewa kwanza kwenye pampu, maana mpira ukiwa na hewa injini inazunguka bila oili na pistoni inang'ata. Pia angalia eksozi, kaboni inajaa kwenye bomba la ndani, ukiona imepoteza nguvu milimani anzia huko. Oili ya gia ni nyingine, chini, ina sehemu yake. Na lile boksi la kufunika cheni yako lilinde sana!

Nagudi: Boksi fundi alilitoa akasema linapiga kelele.

Jibu: Banange. Mdai. Hata CG nyingi zilikuja na boksi hilo, watu wanalitupa. Cheni iliyofunikwa haili vumbi. Kelele ni cheni imelegea inagonga, au boliti moja imeanguka, kaza.

Mzee wa Bugiri: Nafasi ya plagi ni ngapi?

Jibu: Namba 3.

Amos Arua: Nimepata bloku ya CG150 bei nzuri, naweza kupiga kwenye 125 yangu?

Jibu: Pistoni yake ni 62, mdomo wa injini yako chini hauiruhusu bloku hiyo kuingia, lazima uchongwe, maana yake injini yote ifumuliwe. Kama unataka nguvu ya 150 ni nafuu kutafuta injini nzima, lakini hapo namba ya injini haitalingana na logbook, shughulikia karatasi kwanza kabla trafiki hajaisoma yeye.

Amos Arua: Nimeelewa, nabaki na 125. Na kwa nini skrubu za hizi Honda zinaliwa vichwa?

Jibu: Swali zuri, nilikuwa nimeahidi. Msalaba wa Kijapani sio sawa na msalaba wa bisibisi nyingi tunazouziwa, unafanana kwa macho lakini bisibisi ya kawaida haifiki chini, inapanda na kukwangua. Skrubu nyingi za Kijapani zina kidoti kidogo kichwani. Tafuta bisibisi iliyoandikwa JIS. Ukikosa, saga ncha ya yako kidogo iwe butu ili iingie mpaka mwisho. Zile za kava la kulia tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, piga, itazunguka yenyewe. Ukirudisha, weka boliti za kichwa cha alen, urefu ule ule, usiweke ndefu mahali pa fupi utatoboa.

Nagudi: Na tanki lenye kutu?

Jibu: Kokoto ndogo au kipande cha cheni kuukuu ndani, maji ya sabuni, tikisa mpaka mkono uchoke, mwaga, rudia. Suuza, kausha juani siku nzima, halafu petroli kidogo uzungushe umwage. Hesabu vipande vya cheni kabla ya kuingiza.