Kuruka na AAD bila kuitegemea: hatua kwa hatua

Somo la dharura kwa wanaojifunza kuruka kwa parachuti likiisha, mara nyingi kuna mwanafunzi atakayebaki nyuma aniulize kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani AAD si itafungua tu?" AAD, kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe, itafungua, ikikuta hali ile ile iliyoundwa kuisubiri. Hapa nitakuonyesha namna ya kuiwasha, kuitunza na kuruka nayo. Ila kwenye mpango wako wa mruko isiwemo kabisa. Mruko ambao usingeufanya bila kifaa hicho, usiufanye ukiwa nacho.

Hatua ya 1: Jua kinachotokea ndani ya mkoba wa parachuti

AAD ni kifaa cha kufungua parachuti ya akiba kiotomatiki. Kina kisanduku chenye kompyuta ndogo inayopima presha ya hewa, kitufe chenye skrini, na kikata. Mwombe fundi wa parachuti akuonyeshe hicho kikata siku anapokunja parachuti ya akiba. Ni silinda ndogo ya chuma yenye tundu, na kitanzi kinachofunga mkoba wa akiba kinapita humo. Wakati ukifika, baruti kidogo iliyo ndani inasukuma kisu, kitanzi kinakatika, na parachuti ndogo yenye springi inaruka nje kuivuta ile ya akiba.

Angalia ambacho hakikufanyika. Mpini wako wa kufungulia akiba haukuvutwa. Parachuti kuu, kama ilitoka nusunusu na kujisokota, bado iko juu yako, kwa sababu AAD haiiachii, yaani haiitengi na mkoba iende zake. Kazi ya kuiachia ni yako. Usiichanganye pia na RSL, ule mkanda unaofungua akiba pale unapoachia parachuti kuu. RSL inasubiri mkono wako, AAD inasubiri kimo na kasi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya sekunde

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu wengi wanajua namba bila kujua maana yake.

CYPRES, aina moja ya AAD, ile ya warukaji wazoefu, iliyotengenezwa Ujerumani na kuingia sokoni mwaka 1991, hukata kitanzi kwenye futi 750 hivi, yaani mita 225, kama unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Vigil, aina nyingine ya AAD kutoka Ubelgiji, ikiwekwa kwenye hali ya wazoefu, hukata kwenye futi 840 kwa kasi hiyo hiyo. Za tandemu, watu wawili kwenye parachuti moja, hukata juu zaidi, karibu futi 2,000, kwa sababu parachuti zake ni kubwa. Za wanafunzi zinahitaji kasi ndogo zaidi: CYPRES mita 13 kwa sekunde, Vigil mita 20.

Ukianguka kwa tumbo, kasi yako ni kama mita 54 kwa sekunde. Gawa 225 kwa 54: unapata sekunde 4 na kidogo mpaka ardhini. Ndani ya sekunde hizo kisu kikate, springi iruke, kamba zinyooke na kitambaa kijae hewa. Parachuti ya akiba inaweza kuhitaji sekunde 2 au 3. Sasa ongeza kwamba unaanguka huku unapinduka, au kwamba parachuti ndogo imenaswa kidogo kwenye hewa iliyovurugika mgongoni mwako. Na hizo futi 750 zenyewe ni za makadirio, maana presha ya mgongoni hubadilika na jinsi mwili ulivyolala.

Mtu aliyeiona hesabu hii kwenye karatasi haiti AAD mpango wa pili. Mpango wa pili ni mkono wako kwenye mpini wa akiba, juu zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Jua pale ambapo itanyamaza

AAD ni kama mlinzi asiyeona, anayesikia tu: kinachomfikia ni presha ya hewa, na kwa hiyo presha anakisia kimo na kasi. Hajui kama kamba zimesokotana. Yapo matatizo yanayokuua huku kifaa kikiwa kizima kabisa:

– Parachuti kuu imejaa nusu na inazunguka kwa nguvu. Mzunguko unakutia kizunguzungu, lakini kasi ya kushuka inaweza kuwa chini ya mita 35 kwa sekunde. Kifaa kinasoma kwamba mambo ni shwari.

– Umegongana na mwenzako chini sana, ukaachia parachuti kuu. Baada ya kuachia unahitaji zaidi ya sekunde 3 kuifikia kasi ya kuiamsha, na kimo cha kuchezea sekunde hizo hakipo. Achia, kisha vuta akiba papo hapo.

– Uko karibu kabisa na ardhi. CYPRES haifanyi kazi chini ya mita 40 hivi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kifaa "kitamwokoa." Kinashughulikia tatizo moja hasa: mtu anayeanguka kasi kamili bila kufungua chochote, pengine amezimia au amepoteza hesabu ya kimo. Tatizo hilo limeua wengi, na hapo kifaa kinastahili heshima yake yote.

Hatua ya 4: Washa ukiwa ardhini, kwenye uwanja unakotua

Kifaa hujifunza presha ya ardhini pale unapokiwasha. Kwenye CYPRES bonyeza kitufe mara moja, subiri taa nyekundu imulike, bonyeza tena mara moja, hadi mibonyezo 4. Ukichelewa, kinakataa, unaanza upya. Utaratibu huo umewekwa makusudi ili kitufe kisijiwashe kwa kugongwagongwa. Kisha skrini huhesabu kutoka 10 kushuka hadi 0 na kubaki na alama ya mshale mdogo unaoelekea chini. Usiondoke kabla ya kuuona huo mshale. Ikitokea namba nyingine, mkoba huo hauruki mpaka fundi aikague.

Usiwashe ndani ya ndege, hata kama bado iko chini kiasi gani. Kama umetua mbali ukarudishwa kwa gari kutoka mahali palipo juu au chini kuliko uwanja, zima uwashe upya. Kama unatua mahali penye mwinuko tofauti na unakorukia, weka tofauti hiyo kwa kufuata kitabu cha kifaa chako, si kwa kumsikiliza rafiki mwenye kifaa cha aina nyingine. Baada ya saa 14 hivi kitajizima chenyewe.

Hatua ya 5: Panga kimo kwa kurudi nyuma

Anza na futi 750, panda juu. Parachuti nyingi za siku hizi hufunguka polepole, na zipo zinazokula futi 1,000 kabla hazijajaa. Ukifungua kwenye futi 2,000 na ikachukua hizo 1,000, umebaki karibu mno na kimo cha kifaa, na hapo hujapata hitilafu hata moja. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha warukaji, USPA, kilipandisha kimo cha chini cha kufungua kwa wazoefu kutoka futi 2,000 hadi 2,500, na nafasi hiyo kati ya mkono na kifaa ilikuwa sehemu ya sababu. Wanafunzi na wenye leseni ya A, ile ya ngazi ya kwanza, hufungua si chini ya 3,000.

Halafu kuna kimo cha kuamua: futi 2,500 kwa wanafunzi na wenye leseni ya A, 1,800 kwa waliowazidi. Kikifika na huna parachuti nzuri, mjadala umekwisha, fanya taratibu zako za dharura. Chini ya 1,000 ukiwa na parachuti mbovu, fungua akiba bila kuachia kuu. Rudia mikono hiyo ukiwa umevaa mkoba, kabla ya kila kundi la miruko, macho kwenye mpini. Nikimwona mtu anafanya zoezi hili huku anapiga soga, namrudisha mwanzo.

Hatua ya 6: Ndegeni

Hapa ni kifupi. Ndege ikilazimika kushuka na watu ndani, mwambie rubani kuna vifaa vya wanafunzi vilivyowashwa, mlango ufungwe, na ashuke taratibu. Mita 13 kwa sekunde si kasi ngumu kwa ndege kuifikia, na parachuti ya akiba ikitoka mlangoni inaweza kumtoa mtu na kuivunja ndege.

Hatua ya 7: Ikifungua, na parachuti mbili ziko nje

Hutokea hasa kwa anayefungua chini: kuu inajaa, kifaa nacho kimeshakata. Usikimbilie kuachia. Zikiwa moja mbele ya nyingine, ziache, endesha ya mbele polepole, usifungue breki za akiba, na utue bila kuvuta breki zote mwishoni. Zikiwa ubavu kwa ubavu na zimetulia, pia endesha kwa upole. Zikiachana na zote kuelekea ardhini, achia kuu mara moja.

Ukishatua, mkoba hauruki tena siku hiyo. Kikata kimetumika na hakirudiwi, fundi ataweka kipya na kuikunja akiba upya. Kaa na mwalimu mpitie mruko wote: ulitazama altimita, kile kipima kimo, lini mara ya mwisho, na mkono ulikuwa wapi. Wakati fundi anafungua mkoba, mwombe asome tarehe ya kifaa chenyewe, maana kina mwisho wa maisha yake: Vigil miaka 20, CYPRES 2 zilizotengenezwa kuanzia 2016 miaka 15 na nusu. Kilichopita umri hakipandi ndege.