SOMO: Kupanga Altbau huku Wedding, Berlin (someni kwanza, mniulize baadaye)

Habari zenu wakuu. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Kaka, nimepata nyumba Wedding, jengo la zamani, nifanyeje?" Vidole vimechoka. Naandika mara moja hapa, na atakayenifuata inbox nitamrudisha huku.

Altbau ni jengo la kabla ya vita, na mengi ya Wedding ni ya kabla ya 1918. Yalijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani: jengo la mbele linatazama barabara, nyuma yake ua, halafu jengo jingine, pengine ua tena. Kanuni ya ujenzi ya 1853 ilitaka ua usipungue mita 5.34 kwa 5.34 ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Jua na hewa hawakuvifikiria. Ndiyo maana vyumba vya chini upande wa ua unawasha taa saa sita mchana. Dari zake ndefu na sakafu za mbao zina raha yake, sikatai.

1. Makaratasi. Hati za mshahara za miezi mitatu, Schufa (ripoti ya rekodi yako ya madeni), nakala ya kitambulisho, barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba humdai wala hakudai. Unganisha yote faili moja. Tangazo likitoka, jibu saa ileile.

2. Soma tangazo. "2 Zimmer" ni chumba na sebule, maana jiko na bafu havihesabiwi. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni pamoja na maji, taka na joto, ila ukiona neno Gasetagenheizung, jua una mtambo wako wa gesi ndani ya nyumba na bili ya gesi unalipa mwenyewe, juu ya hiyo Warmmiete. Wengi wameumia hapo.

3. Dalali. Nyumbani tumezoea kumpa dalali kodi ya mwezi. Hapa tangu 2015 aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Akikudai wewe wakati kaajiriwa na mwenye nyumba, hiyo si halali.

4. Nenda ukaione. Nyumba ambayo hujaikanyaga usiitumie hela.

5. Mkataba. Amana, yaani Kaution, haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Uliza kama kuna jiko. Sisemi chumba cha jiko, nasema sinki, kabati na majiko yenyewe. Mpangaji anayetoka mara nyingi anang'oa kila kitu anaondoka nacho.

6. KUKABIDHIWA FUNGUO. Hapa ndipo nilipoingizwa mjini, kwa hiyo tulieni.

Ilikuwa Desemba, saa kumi na moja jioni, giza tayari. Nimetoka kazini, sijalala. Mpangaji aliyetangulia kaondoka hata na balbu, darini zinaning'inia nyaya tu. Jamaa aliyetumwa na mwenye nyumba anatembea mbele na tochi ya simu: sakafu, safi; madirisha, safi; bafu, safi; weka sahihi hapa. Nikaweka sahihi kwenye karatasi ya makabidhiano, ile inayoandikwa hali ya nyumba. Asubuhi naamka, kwenye mbao za sebuleni kuna alama nyeusi ya moto, ukubwa wa sahani, pale lilipokuwa jiko la makaa la zamani la kupashia chumba joto. Nikasema si kitu. Miaka mitatu baadaye nahama, nakatwa euro 480 kwenye amana kwa sababu ya alama ile. Nikasema niliikuta. Mwenye nyumba akanifungulia faili, akanionyesha sahihi yangu.

Na si hiyo tu. Mita za gesi zote zilikuwa chini ya jengo, zimepangwa ukutani kama masanduku ya posta. Tulisoma mita ya jirani. Miezi minane nimelipia gesi ya mtu.

Kwa hiyo: kataa makabidhiano ya usiku. Ikishindikana, nenda na balbu yako na mtu wa pili. Piga picha kila chumba, pembe zote, na sakafu. Fungua na ufunge kila dirisha, vuta maji chooni, hesabu funguo. Kwenye mita usiandike usomaji peke yake, andika na namba ya mita yenyewe. Kama kuta hazijapakwa rangi, iandikwe hivyo hivyo, kwa sababu mahakama ya juu ilishaamua 2015 kwamba aliyepokea nyumba haijakarabatiwa na hakufidiwa, halazimiki kuipaka rangi anapotoka. Jamaa akigoma kuandika kasoro, usisaini. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini karatasi ile.

7. Anmeldung, yaani kuandikisha anwani yako serikalini, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, pamoja na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha unaishi hapo.

Basi. Maswali.

Kijana wa Moro: Kaka somo zuri sana. Sasa deposit inakuwa bei gani?

Mwandishi: Namba 5.

Kijana wa Moro: Samahani kaka, nilipitia haraka.

Mwandishi: Hata mkataba utaupitia haraka?

Mzee wa U6: Mimi nimepata ya euro 450, vyumba vitatu, karibu na Leopoldplatz. Mwenye nyumba yuko Uingereza kikazi, anasema nitume 1,200 atanitumia funguo kwa posta. Naona mtu mstaarabu, kanitumia hadi pasipoti yake.

Mwandishi: Namba 4. Hiyo pasipoti ni ya mtu mwingine aliyeibiwa kabla yako. Usitume, na pasipoti yako usimpe.

Mzee wa U6: Unajuaje lakini, hujaongea naye.

Mwandishi: Ndugu yangu, vyumba vitatu kwa 450 Leopoldplatz? Nimemaliza.

Binti Tanga: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili wa uuguzi. Nyumba yangu ina yale madirisha ya mbao mawilimawili. Baridi ikiingia, kioo cha nje kinatiririka maji kwa ndani, na nyuma ya kabati kumeanza kuvu. Mwenye nyumba anasema ni kwa sababu napika sana. Ni kweli?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Nusu kweli. Kioo cha nje kikilowa, maana yake dirisha la ndani linavuja: mvuke wa chumbani unapenya unakutana na kioo cha baridi. La ndani ndilo linalotakiwa kubana, kwa hiyo bandika mpira kwenye fremu yake. La nje usilizibe, liache lipumue. Kisha asubuhi na jioni fungua yote wazi kabisa dakika tano hadi kumi, ufunge. Ile ya kuliacha wazi kidogo kutwa nzima inapoza ukuta tu. Kabati lisogeze, kiganja kimoja kutoka ukuta wa nje. Ukisonga ugali, funga mlango wa jiko. Kuvu ikirudi baada ya hayo yote, mwandikie rasmi kwa picha na tarehe. Simu haina ushahidi.

Binti Tanga: Asante sana. Na kodi je, naweza kujua kama napigwa?

Mwandishi: Swali zuri. Berlin ina jedwali la kodi, Mietspiegel, lipo mtandaoni bure. Weka anwani, ukubwa na hali ya nyumba. Mkataba mpya kwa kawaida hautakiwi kuzidi kiwango cha hapo kwa zaidi ya asilimia 10. Kuna misamaha, kama mpangaji wa kabla yako alikuwa analipa zaidi au jengo lilikarabatiwa lote. Lalamika kwa maandishi ndani ya miezi 30 ya kwanza, unaweza kudai tangu siku ya mwanzo. Ila jiunge kwanza na chama cha wapangaji wakusomee mkataba.

Mpemba: Mnatumia Kijerumani kingi, somo la Kiswahili gani hili.

Mwandishi: Tangazo litakuja na Kijerumani. Ukitaka nikuandikie "joto la gesi la ghorofani" utalitafuta wapi?

Mama Usambarastraße: Nyongeza kwa wanaotafuta huku mtaa wa Kiafrika wa Wedding, wenye barabara za majina ya Afrika. Ukiona tangazo limeandikwa Petersallee usizunguke kama mimi. Tangu Agosti 2024 sehemu moja inaitwa Maji-Maji-Allee na nyingine Anna-Mungunda-Allee.

Mwandishi: Asante mama. Hiyo Petersallee ilikuwa ya Carl Peters, mkoloni yuleyule wa mikataba ya Usagara. 1986 walisema jina sasa ni la Peters mwingine, likabaki hivyo miaka karibu arobaini.

Binti Tanga: Kumbe! Na Maji Maji wakapewa barabara.

Mama Usambarastraße: Wengine waulizeni na mabomba ya risasi. Majengo haya yalikuwa nayo, sheria ilitaka yawe yametoka ifikapo Januari 2026. Mwombeni mwenye nyumba athibitishe kwa maandishi, hasa mwenye mtoto mchanga.

Kijana wa Moro: Kaka nimesoma yote sasa, mara mbili. Niliyopata haina jiko. Kuna mtu anauza?

Mwandishi: Umeona? Ninalo la zamani, sinki na kabati mbili, chukua bure. Njoo na watu wawili, niko ghorofa ya nne na lifti hakuna.