Somo: Madhara ya Mkao Mbaya wa Kichwa na Shingo Kazini, na Hatua za Kuyapunguza

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takribani kilo 4.5 hadi 5.5, na mzigo huo hubebwa na pingili 7 za shingo, diski zinazozitenganisha, pamoja na misuli inayotoka kisogoni hadi mabegani. Kichwa kikikaa sawasawa juu ya mabega, sehemu kubwa ya uzito hupokewa na mifupa, na misuli hubaki na kazi ndogo ya kukisawazisha. Kikisogea mbele, kama kinavyofanya mtu anapoinamia makaratasi, simu, cherehani au skrini, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke, tena bila kupumzika. Asiyeamini na abebe ndoo ya maji akiwa ameibana ubavuni, kisha ajaribu kuishika mkono ukiwa umenyooshwa mbele.

Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alichapisha hesabu zilizokadiria kuwa mzigo juu ya shingo hufika takribani kilo 12 kichwa kikiinama kwa nyuzi 15, na takribani kilo 27 kikiinama kwa nyuzi 60. Takwimu hizo zimesambazwa mno, na wengi wanaozisambaza hawaelezi kwamba zilitokana na kielelezo cha kompyuta, si vipimo vilivyochukuliwa kwenye shingo za watu. Zinaonesha mwelekeo kwa usahihi, lakini hazithibitishi kwamba kila anayeinama ataumia.

Madhara yenyewe

Dhara la kwanza ni uchovu wa misuli. Msuli uliokazwa kwa muda mrefu bila kuachiliwa hupata damu pungufu, huuma, na hatimaye hukakamaa, hasa kati ya shingo na ncha ya bega. Mtu aliyejikunja kitini huinamisha sehemu ya chini ya shingo, lakini kwa kuwa macho yanataka kuona mbele, huinua kidevu na kuibana sehemu ya juu, chini ya kisogo. Hapo ndipo yanapoweza kuanzia baadhi ya maumivu ya kichwa ya jioni. Ishara za maumivu kutoka sehemu ya juu ya shingo hupita kituo kimoja na ishara za uso katika shina la ubongo, hivyo ubongo huweza kuyahisi maumivu ya shingo kana kwamba yako kwenye paji la uso au nyuma ya jicho. Mhusika hudhani ana kipandauso au macho mabovu, akaendelea kumeza dawa za kutuliza maumivu. Na dawa hizo, zikitumiwa siku nyingi za kila mwezi, zinaweza zenyewe kuwa chanzo cha maumivu ya kichwa.

Mshipa wa fahamu ukibanwa au kusumbuliwa shingoni, maumivu, ganzi au hisia ya kuchomwachomwa huteremka mkononi hadi vidoleni. Hali hii haisababishwi na mkao peke yake, ila kuinama muda mrefu huweza kuizidisha. Kukaa umejikunja pia huzuia kifua kupanuka vizuri wakati wa kupumua.

Ni haki kusema pia kwamba wapo watu wenye vichwa vilivyosogea mbele kwa miaka mingi wasioumwa chochote, na wapo wanaokaa wima kabisa wakaumwa. Usingizi duni, msongo wa kazi na udhaifu wa misuli vina sehemu yake. Kwa maoni yangu, kosa kubwa kuliko kuinama ni kuinama bila kubadilika, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya 1: Jitazame ukiwa kazini

Mwombe mwenzako akupige picha kutoka ubavuni wakati umezama kazini, bila kukutahadharisha. Tazama tundu la sikio limesogea mbele ya bega kiasi gani, na kidevu kimeelekea wapi. Picha unayopigwa ukiwa umejiandaa haina faida yoyote.

Hatua ya 2: Rekebisha kinachotazamwa kabla ya kurekebisha shingo

Shingo hufuata macho, na macho hufuata kazi. Kujiamuru “kaa wima” huku skrini ikiwa chini ni kupoteza juhudi, kwa sababu baada ya dakika chache utakuwa umerudi ulikokuwa. Weka skrini mbele yako moja kwa moja, umbali wa takribani urefu wa mkono, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho au chini kidogo. Maandishi yakiwa madogo, yakuze badala ya kuyafuata kwa kichwa. Kama unanakili kutoka kwenye karatasi, isimamishe kando ya skrini. Ikilala mezani, itakuinamisha mamia ya mara kwa siku.

Kompyuta mpakato ina kasoro ya kimaumbile: skrini na kibodi vimeunganishwa, kwa hiyo ukiinua kimoja unaharibu kingine. Anayeitumia kwa saa nyingi hana budi kuiinua juu ya kitu imara na kutumia kibodi na kipanya vya pembeni.

Hatua ya 3: Kiti, mikono na simu

Nyayo zikae sakafuni, mgongo uegemee, viwiko viwe karibu na mwili, na mikono ipate pa kutulia ili mabega yasining’inie. Simu usiibane kati ya sikio na bega, hata kwa mazungumzo mafupi. Tumia visikizi au kipaza sauti. Unapoisoma, inua mikono uilete karibu na usawa wa macho, viwiko vikiegemea kitu.

Hatua ya 4: Vunja utulivu

Kila baada ya dakika 20 hadi 30, badilisha mkao, na ikiwezekana simama na kutembea hata kwa dakika moja. Hakuna kiti kinachoweza kuchukua nafasi ya hatua hii.

Hatua ya 5: Imarisha misuli

Keti wima ukitazama mbele. Rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, bila kukiinua wala kukiinamisha, mpaka uhisi kisogo kinanyooka. Shikilia kwa sekunde 5, achia, rudia mara 10. Kisha vuta mabega nyuma na chini kana kwamba unataka mafupa yake yakutane mgongoni, ushikilie vivyo hivyo. Mvutano ni wa kawaida. Maumivu makali, ganzi au kizunguzungu ni ishara ya kuacha.

Wasiopaswa kuanza na mazoezi haya, bali kumwona daktari bila kuchelewa, ni wenye udhaifu wa mkono au mguu, wanaoangusha vitu au kuyumba wanapotembea, walioshindwa kudhibiti haja, wenye homa pamoja na shingo iliyokakamaa, na walioumia kwa kuanguka au ajali. Maumivu ya shingo au mkono yanayoambatana na kubanwa kifua au kukosa pumzi yashughulikiwe kama dharura ya moyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, skrini yangu iko usawa wa macho kama ulivyoelekeza, lakini shingo inauma zaidi. Ninavaa miwani yenye sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea.

Jibu: Bila shaka unasoma kupitia sehemu ya chini ya miwani, hivyo unainua kidevu ili uone. Kwako wewe skrini ishushwe na kuelekezwa juu kidogo, au umwombe mtaalamu wa macho miwani maalumu ya umbali wa skrini.

Swali: Mimi ni fundi cherehani. Siwezi kuinua kitambaa usawa wa macho. Nifanyeje?

Jibu: Ni kweli, na fundi saa au daktari wa meno wana shida hiyohiyo. Ongeza mwanga, kwa sababu gizani kila mtu huinama. Pandisha meza au shusha kiti kadiri viwiko vinavyoruhusu. Inama kuanzia nyonga badala ya shingo. Na upange kazi ili kushona kufuatane na kukata au kupiga pasi, ambazo hufanywa kwa kusimama. Mapumziko kwako yawe mengi zaidi kuliko ya mtu wa ofisini.

Swali: Je, mikanda ya kuvuta mabega nyuma inasaidia? Na kola ya shingo?

Jibu: Mkanda unaweza kukukumbusha kwa muda mfupi, lakini haujengi misuli. Kola usivae bila ushauri wa daktari, kwani ikivaliwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ileile tunayotaka kuiimarisha.

Swali: Nina mazoea ya kuialisha shingo hadi ilie, na napata nafuu. Kuna hatari?

Jibu: Mlio wenyewe si tatizo. Hatari ipo katika kuizungusha shingo kwa nguvu na ghafla, au kumwachia mtu asiye na ujuzi aizungushe, kwa kuwa mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo hupita ndani ya pingili za shingo, na imewahi kuchanika kwa namna hiyo, ingawa ni nadra.

Swali: Picha ya eksirei imeonesha pingili zangu zimelika. Niache kazi ya kukaa?

Jibu: Mabadiliko hayo ni ya kawaida kadiri umri unavyosonga, na huonekana hata kwa wasioumwa. Dalili zako na uchunguzi wa daktari vina uzito zaidi kuliko picha pekee. Ikiwa huna ganzi wala udhaifu, kwa kawaida hakuna sababu ya kuacha kazi. Anza na hatua ya 2 na ya 4.

Swali: Tangu nibadilishe mkao wiki iliyopita, sasa naumwa katikati ya mgongo. Nimekosea?

Jibu: Si lazima. Yamkini unajikaza kukaa wima siku nzima, na huo nao ni mkao mmoja usiobadilika. Egemea kiti, legeza mabega, jinyooshe kwa vipindi. Uchovu wa misuli iliyokuwa haitumiki huisha ndani ya wiki chache. Ukizidi badala ya kupungua, onana na mtaalamu wa fiziotherapia.