Jinsi ya Kuendelea Kurusha Ndege za Mfano Chini ya Sheria za Droni

Kwa miaka mingi urushaji wa ndege za mfano uliendeshwa na klabu zenyewe: wanachama waliandika kanuni zao za usalama, wakatafuta viwanja vyao, na serikali kwa sehemu kubwa ikawaacha. Hali hiyo ilibadilika droni zenye kamera zilipoanza kuuzwa kwa wingi, kwa sababu mtu asiyewahi kushika rimoti aliweza kurusha chombo karibu na njia ya ndege za abiria siku ileile aliyokinunua. Sheria zilizofuata hazikutofautisha sana ndege ya mbao za balsa iliyojengwa kwa miezi kadhaa na droni iliyotoka kiwandani ikiwa tayari kuruka. Zote zikawekwa katika kundi moja la vyombo visivyo na rubani ndani yake. Anayetaka kuendelea na burudani hii anapaswa kuelewa mapema kwamba nafuu nyingi zilizobaki kwa ndege za mfano hazimfuati mrushaji popote aendapo, bali hupitia klabu na uwanja wake. Mifano mingi hapa ni ya Marekani na Umoja wa Ulaya, ambako kanuni hizi zimeandikwa kwa kirefu. Maswali ya kujiuliza, hata hivyo, hayabadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Anza na mizani. Pima ndege ikiwa tayari kuruka, yaani pamoja na betri, kipokezi cha mawimbi, kamera kama ipo, na hata gundi na utepe wa matengenezo ya juzi. Mpaka unaotajwa zaidi katika sheria ni gramu 250, na ni rahisi kuuvuka bila kujua: glaida (ndege ya kuelea hewani) ya povu yenye gramu 235 kwa betri ndogo inaweza kufika gramu 260 ikifungwa betri kubwa zaidi, na kwa badiliko hilo moja ikaingia katika kundi linalotakiwa kusajiliwa. Uzito ulioandikwa kwenye boksi usiutegemee, kwa kuwa mara nyingi hauhesabu betri. Ukiwa Ulaya angalia pia kamera, maana chombo cha chini ya gramu 250 chenye kamera, kama si kitu cha kuchezea watoto kisheria, humlazimu mwenyewe kujisajili.

Usajili wenyewe si mzigo mkubwa. Marekani humpa mrushaji wa burudani namba moja inayotumika kwa ndege zake zote, na Ulaya nako anayesajiliwa ni mwendeshaji, si kila ndege. Namba hiyo lazima ibandikwe kwenye ndege, na tangu Februari 2019 Marekani inataka iwe nje ya bodi, mahali inapoweza kusomeka bila kufungua chochote. Zamani iliruhusiwa kufichwa ndani ya chumba cha betri. Iliondolewa humo kwa hofu kwamba askari anayefungua chombo asichokijua anaweza kukuta kilipuzi. Wajenzi wanaotengeneza nakala halisi za ndege za kale hawakufurahia, lakini herufi ndogo chini ya bawa hazimkeri mtazamaji na zinakidhi sharti.

Baada ya usajili kuna mtihani. Wa Marekani kwa warushaji wa burudani hufanywa bure mtandaoni, na ukikosea swali unaelekezwa hadi upate jibu sahihi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuukwepa. Unamhusu hata mwenye ndege nyepesi isiyosajiliwa. Jambo la kuangalia ni cheti: wanaoendesha mtihani hawatunzi kumbukumbu ya jina lako, hivyo ukikipoteza utaurudia wote. Kihifadhi kwenye simu na uchapishe nakala ya kuweka ndani ya sanduku la vifaa.

Suala la mahali pa kurushia ndilo linalohitaji muda wako mwingi, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Kikomo cha kawaida cha kimo ni futi 400 huko Marekani katika anga isiyodhibitiwa, na mita 120 huko Ulaya, ambazo ni karibu sawa. Uwanja ukiwa ndani ya anga inayodhibitiwa, kwa mfano jirani na uwanja wa ndege wenye mnara, lazima upate idhini kabla ya kuruka, na mara nyingi idhini hiyo huja na kimo cha chini zaidi. Klabu zenye viwanja vya kudumu huweza kufanya makubaliano na waongoza ndege wa eneo hilo, jambo ambalo mtu aliye peke yake hawezi kulipata kwa urahisi. Kabla ya kukubali uwanja mpya, fungua ramani rasmi ya anga ya nchi yako, soma tarehe yake, na uangalie pia makatazo ya muda, kwa sababu mkutano wa viongozi au moto wa msituni unaweza kufunga anga iliyokuwa wazi jana.

Kimo nacho kina tafsiri zake. Kanuni za Ulaya hupima mita 120 kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na chombo, kipimo ambacho kingewaumiza warushaji wa glaida za mlimani, kwani wao husimama kileleni na ndege zao huelea mbele, juu ya bonde refu. Kwa ajili yao kukaandikwa kipengele maalumu: glaida isiyofika kilo 10 inaweza kuwa mbali na ardhi kwa zaidi ya mita 120, mradi wakati wote isipande zaidi ya mita 120 juu ya mrushaji mwenyewe. Kipengele hicho ni kifupi na hupitwa kwa urahisi na anayesoma muhtasari tu, ndiyo maana ni vizuri kuisoma sheria yenyewe angalau mara moja, hata kama lugha yake inachosha.

Ndege uliyoijenga mwenyewe, ukiirusha Ulaya nje ya klabu, kwa kawaida inaangukia katika masharti ya kukaa mbali na watu wasiohusika na umbali wa angalau mita 150 kutoka maeneo ya makazi, biashara, viwanda na burudani. Kwa maneno mengine, bustani ya mji haifai, hata ikiwa tupu asubuhi. Ndani ya klabu mambo huwa tofauti. Ibara ya 16 ya kanuni ya Ulaya namba 947 ya mwaka 2019 inaruhusu mamlaka ya nchi kutoa idhini kwa klabu au chama cha ndege za mfano, na idhini hiyo inaweza kuweka masharti yanayozingatia desturi za usalama ambazo klabu imekuwa nazo. Ukitaka kujiunga na klabu, omba kuiona idhini hiyo: inaishia lini, inaruhusu kimo gani, na je, inakuhusu ukiwa nje ya uwanja wao? Klabu inayojua kazi yake haitaona maswali hayo kuwa ya ukorofi. Uliza na bima pia, kwa kuwa nchi kama Ujerumani huidai kwa kila anayerusha.

Kisha kuna utambulisho wa mbali, ambao kwa maoni yangu ndio umewasumbua wajenzi kuliko kanuni nyingine yoyote. Marekani ilianza kuudai kwa warushaji Septemba 2023, ingawa adhabu zililegezwa hadi Machi 2024. Ndege inayotakiwa kusajiliwa lazima itangaze kwa redio namba yake na mahali ilipo, na njia za kutimiza sharti hilo ni tatu. Unaweza kununua chombo chenye mfumo huo tangu kiwandani, ambao hutangaza pia mahali alipo mrushaji. Unaweza kufunga moduli ndogo ya kutangaza, ambayo badala yake hutaja mahali ndege iliporukia. Au unaweza kurusha bila kifaa chochote ndani ya eneo lililotambuliwa rasmi, mradi ndege na wewe mwenyewe mbaki ndani ya mipaka yake.

Mwenye ndege nyingi za mbao asikimbilie kununua moduli kwa kila moja. Mrushaji wa burudani anaruhusiwa kuhamisha moduli moja kutoka ndege hadi ndege, ilimradi zote ziko kwenye usajili wake. Weka kipande cha utepe wa kunata mahali palepale katika kila ndege ili uhamishaji uchukue dakika moja, na kabla ya kuruka upime upya kitovu cha uzito, kwa sababu ndege ndogo huhisi hata gramu 20 zikikaa nyuma. Njia ya eneo lililotambuliwa ni nafuu zaidi, lakini mtu binafsi hawezi kuiomba. Huombwa na jumuiya za warushaji zinazotambuliwa na mamlaka, kama vile Academy of Model Aeronautics iliyoanzishwa mwaka 1936, au na taasisi za elimu. Tambua pia kwamba eneo hilo linakuondolea kifaa tu: usajili, mtihani na idhini ya anga inayodhibitiwa vinabaki palepale.

Wanaorusha kwa miwani ya video wanahitaji mtu wa pili kando yao, anayeitazama ndege kwa macho yake na kuzungumza nao moja kwa moja. Mpe mtu huyo kazi kamili, pamoja na ruhusa ya kukuamuru ushuke. Ndege yenye watu ndani ikitokea, hata kama iko mbali, ndiyo yenye haki ya njia kila mara.

Kuwa mwangalifu na mashauri ya zamani. Bunge la Marekani liliizuia mamlaka ya anga mwaka 2012 kutunga kanuni mpya kwa ndege za mfano zinazofuata miongozo ya jumuiya. Usajili ulioanza Desemba 2015 ukabatilishwa na mahakama Mei 2017 kwa msingi huo, ukarudishwa na Bunge mwezi Desemba, na kinga yenyewe ikafutwa mwaka 2018. Maelezo ya kila kipindi kati ya hivyo bado yanasambaa, yakiwa yameandikwa kwa uhakika uleule.

Kanuni mpya zikitangazwa kwa maoni, andika. Rasimu ya Marekani ya utambulisho wa mbali, iliyotolewa mwishoni mwa 2019, ilipata maoni zaidi ya 50,000. Sharti la kuunganisha vyombo na intaneti liliondolewa, na muda wa mwisho wa kuomba maeneo yaliyotambuliwa ukafutwa. Katika barua yako eleza unarusha nini, uzito gani, kimo gani na mahali gani, taja kipengele kinachokuzuia kwa namba yake, kisha pendekeza maneno ya kukibadilisha.