Kisomo kwa wakulima wa mwani: anzeni na mizani

Ratiba ya darasa ifuate kupwa na kujaa kwa maji, si Jumatatu na Jumatano. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, wakulima wa mwani wako pwani wakifunga mbegu na kuvuna, Paje na Jambiani kisiwani Unguja, hata Pemba. Someshani siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, baada ya laasiri, kwa muda wa saa moja na nusu. Darasa linalogongana na bamvua hubaki tupu, kisha wanawake husingiziwa kuwa hawana hamu ya kusoma. Si kweli hata kidogo.

Kabla ya herufi, angalieni macho. Aliyepita miaka 40 akiliweka daftari mbali na uso ndipo aone, huenda anahitaji miwani ya kusomea. Bila hiyo atajiona mzito wa kichwa na ataacha.

Wiki ya kwanza iwe ya tarakimu. Wengi wamepita chuo cha Kurani na wanazijua za msahafu, na mtego uko hapo: tano ya kule (٥) hufanana na sifuri, sita (٦) hufanana na saba. Ziandikeni ubaoni sambamba, kila siku, mpaka zisichanganywe tena.

Kisha leteni mizani ya kuning'iniza. Ikiwa tupu, mshale ukae kwenye sifuri. Ning'inizeni dumu la lita 20 lililojaa maji: isome kilo 20 na zaidi kidogo, kwa uzito wa dumu lenyewe. Ikisoma 18, inampunja muuzaji. Kila mwanakisomo apime kwa mkono wake, asome kwa sauti, aandike. Kazieni nukta, kwani 37.5 huandikwa 37 tu na nusu kilo hupotea, au 375 na hesabu yote huharibika.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, kilo, bei ya kilo, ninachostahili, nilichopokea. Kwa mazoezi, kilo 37.5 kwa shilingi 800 ni shilingi 30,000. Safu mbili za mwisho zikitofautiana, aulize papo hapo, mzigo haujaondoka. Aandike akiwa mizanini. Akingoja kufika nyumbani, kilo zimeshasahaulika.

Sahihi ifundishwe mwisho. Anayejua kuandika jina lake tu anaweza kutia sahihi mkopo asioujua. Asome kwanza kiasi, tarehe ya kulipa na jina la anayemdai, ndipo ashike kalamu.