Usikung'ute udongo kwenye mizizi ya miche

Ukihamisha miche ya nyanya, ing'oe na bonge lake la udongo. Wengi wetu hapa Bweyale huikung'uta mpaka mizizi ibaki mitupu, eti ijae mingi kwenye beseni. Hasara tupu! Ule udongo ulioganda kwenye vinyweleo vya mizizi una bakteria kama Azospirillum: mzizi huwapa sukari, nao hutengeneza oksini, homoni inayochochea mizizi ya pembeni kuchipuka. Mwagilia kitalu saa moja kabla, kisha chimbua kwa kijiti, usivute shina. Beseni lifunike kwa jani la mgomba, jua lisiikaushe mizizi. Ila kitalu kikiwa na mnyauko, achana nacho. Bonge hilohilo litaubeba ugonjwa hadi shambani.