SOMO: Umeshusha gari, sasa gurudumu linapiga kelele. Anza wapi?

Gari limefungwa springi fupi juzi, leo kuna mlio upande mmoja, na fundi wa kwanza kuulizwa amesema "hiyo beringi". Usinunue bado. Beringi nzima haifi ndani ya siku mbili kwa sababu gari limeshuka sentimita 3. Jiulize kwanza mlio umeanza lini. Kama ni siku ileile ya kazi, tafuta kilichofunguliwa au kilichogusana. Kama ni baada ya wiki kadhaa, tafuta kinacholika, na mara nyingi hiyo ni tairi.

Somo hili linahusu gari ambalo mbele shokapu na springi vimefungwa pamoja, kama Toyota Corolla au Subaru Impreza. Andaa jeki, stendi mbili, vya kuzuia magurudumu, tochi, chaki, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na mtu wa kukushikia usukani. Usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Tofali si stendi.

Hatua ya 1: Ujue mlio

Tafuta barabara tulivu yenye ukuta pembeni, shusha vioo, endesha kilomita 20 kwa saa. Tairi ya 195/65R15 ina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa mwendo huo gurudumu linazunguka kama mara 3 kwa sekunde. Ukisikia "shi… shi… shi…" kwa mapigo hayo, kuna kitu kinagusa sehemu moja ya gurudumu au diski. Mlio usiokatika, unaopanda na mwendo, ni wa beringi au tairi. "Ko!" moja kwenye shimo ni ya kitu kilicholegea au springi iliyoruka. Kisha weka gia huru gari likiwa linatembea: mlio usipobadilika, achana na injini.

Hatua ya 2: Springi, gari likiwa chini

Hapa ndipo makosa mengi yanapokaa, chukua muda. Mwenzako akate usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Wewe weka kiganja kwa nje ya springi, vidole visiingie kati ya koili. Springi inatakiwa izunguke taratibu pamoja na shokapu. Ikijikaza kwanza, halafu ikaruka kwa "tang!", beringi ya juu ya shokapu imekwama au imepangwa kinyume, au ncha ya springi haijakaa kwenye ngazi yake (kidaraja kilicho kwenye kikalio cha springi). Mulika tochi kwenye kikalio cha chini: ncha iwe imeegemea ile ngazi, siyo kuipanda juu.

Sasa nyanyua gari mpaka gurudumu lining'inie, ujaribu kuizungusha springi kwa mkono. Ikicheza, ni fupi kuliko urefu wa shokapu hiyo. Kila gurudumu likidondoka kwenye shimo, springi inaachia kikalio, ikirudi inagonga. Dawa ni shokapu fupi inayolingana nayo. Kuongeza raba juu yake ni kuficha mlio tu.

Hatua ya 3: Gurudumu likiwa hewani

Gari likiwa juu ya stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) au bushi (raba za kwenye maungio). Likicheza kulia na kushoto tu, angalia ncha ya tai rodi, ile fimbo ya usukani inayokata gurudumu.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Mkwaruzo mwembamba wa chuma mara nyingi ni lile bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Linapinda kirahisi wakati shokapu inatolewa, na bisibisi ya bapa inalirudisha kwa nusu dakika. Watu wameuziwa beringi kwa sababu ya bati hili. Ukiwa hapo, fuata waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki) na bomba la breki. Vyote viwe kwenye vishikio vyake, maana bomba linalosuguliwa na tairi halitakuonya kabla ya kupasuka.

Hatua ya 4: Chaki

Paka chaki ukingo wa fenda na plastiki ya ndani. Pakia watu nyuma, pita tuta moja polepole, kisha kata kona kamili. Chaki ilipofutika ndipo tairi inapogusa.

Hatua ya 5: Bushi

Boliti za bushi zilizokazwa gari likiwa linaning'inia zimefunga raba ikiwa imejikunja. Ukishusha gari, raba inabaki imesokotwa, inalia "kwii" na inachanika mapema. Zilegeze, shusha gari likalie magurudumu yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa toki ya kitabu cha gari lako. Nati za magurudumu kwa Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm; zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya 6: Beringi au tairi?

Kwenye kilomita 60 kwa saa, barabara ikiwa tupu, yumbisha gari kidogo. Ukielekea kushoto, uzito unahamia kulia. Mngurumo ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia. Usipobadilika, pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vipande vinavyogusa barabara) kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Laini upande mmoja na makali upande mwingine, kama meno ya msumeno, ni dalili ya alaimenti mbaya, yaani pembe za magurudumu hazijapangwa sawa. Gari likishuka, pembe za magurudumu zinabadilika. Gurudumu lililokengeuka milimita 3 kwenye tairi ya kipenyo cha milimita 600 linaburuzwa pembeni kama mita 5 kila kilomita. Hamishia tairi za mbele nyuma; mngurumo ukihama nazo, umepata jibu bila kununua kitu.

Alaimenti ifanyike baada ya haya yote. Ukiipima kabla ya kukaza bushi, utalipa mara mbili.

MASWALI

Swali: Mkuu, langu linagonga "ko ko ko" kwenye kokoto ndogo, ila matuta makubwa linapita kimya. Imekaaje hiyo?

Jibu: Linki za stebilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kwenye tuta magurudumu yote mawili yanapanda pamoja, fimbo haijipindi. Kokoto zinanyanyua moja moja. Fungua linki zote mbili, jaribu polepole mtaani. Mlio ukipotea ndizo. Angalia pia kama nati imekaza kweli, maana pini huzunguka pamoja na nati usipoishika kwa elenki (spana ya pembe sita).

Swali: Nimefunga spesa (bamba la kusogeza rimu nje) za milimita 20 kwenye Impreza ya boliti 5x100 (boliti 5, duara la milimita 100). Kilomita 90 usukani unatetemeka. Ni springi?

Jibu: Angalia tundu la katikati kwanza. Habu yako (kitovu ambacho rimu inavaa) ni milimita 56.1; spesa au rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji ringi. Kisha hesabu mizunguko ya nati hadi inapokaza. Kwa boliti ya milimita 12 yenye uzi wa hatua ya milimita 1.25, isipofika 10, vua hizo spesa leo.

Swali: Fundi alikata koili moja badala ya kununua springi, sasa inalia kila nikikata kona.

Jibu: Ncha iliyokatwa haikai kwenye kikalio, ndiyo maana. Na kama alikata kwa gesi, chuma hapo kimepoteza ugumu wake, kinaweza kuvunjika. Hakuna cha kurekebisha, badilisha zote mbili za ekseli hiyo.

Swali: Nimeshabadilisha beringi, mlio uko palepale na taa ya ABS imewaka. Nimeibiwa?

Jibu: Si lazima. Beringi nyingi za siku hizi zina ukanda wa sumaku upande mmoja. Ikiingizwa kinyume, sensa haisomi. Itabidi itolewe, na beringi iliyotolewa kwa presi hairudishwi, kwa hiyo andaa nyingine. Kabla ya hapo fanya Hatua ya 6 kwenye tairi, maana mlio wenyewe huenda haukuwahi kuwa wa beringi.